Mkwaruzo wa Besi Nao Una Lugha Yake

Wako wenzetu walimu wanaoamini kwamba Kiswahili kina mipaka yake, na kwamba mipaka hiyo imechorwa pale nyaya za umeme zinapoanzia. Kwa mujibu wa imani hiyo, lugha yetu yafaa kwa methali, hadithi, barua na hotuba za sikukuu; lakini kijana akiuliza achague kifaa gani ili gitaa lake la besi litoe sauti nene iliyoshiba, mwalimu hukohoa kidogo, kisha hujibu kwamba mambo hayo ni ya Kiingereza. Sisi tunaipinga imani hiyo. Hatuipingi kwa sababu ya fahari ya lugha peke yake, bali kwa sababu imekwisha kuwagharimu vijana wetu fedha zao na muziki wao. Asiyeweza kuitaja sauti anayoitaka atauziwa sauti asiyoitaka. Hiyo ndiyo hoja yetu, na tutaithibitisha.

Tuanze na kitu chenyewe, ili tusibishane juu ya jina tupu. Pedali ya fazi ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu, na papo hapo sauti ya gitaa, iliyokuwa laini, hutoka na mkwaruzo. Mtetemo wa uzi, ukisha kugeuzwa kuwa umeme, ni wimbi lenye vilele vya mviringo. Kisanduku hulikuza wimbi hilo kupita uwezo wa transista zake, hata vilele vikakatwa na kuwa bapa, mithili ya mlima uliosawazishwa ukawa uwanja. Wimbi lililokatwa namna hiyo hutoa sauti nyingine juu ya ile ya asili. Uzi mnene kuliko yote wa besi ya nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Fazi huzipa nguvu sauti zilizo mafungu ya idadi hiyo, yaani 82, 123, 164 na kuendelea. Hizo ndizo sikio linazozipokea kuwa mkwaruzo.

Historia nayo yatupa ushahidi ambao wengi hawaujui, nao ni kwamba fazi ilizaliwa katika sauti ya besi. Wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotolewa mwaka 1961, ulirekodiwa huko Nashville, Marekani. Mpiga gitaa Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita, na njia moja ya mtambo wa kurekodi ikaharibika, sauti ikatoka na mkwaruzo mzito. Waliohusika waliuacha mkwaruzo huo ubaki katika wimbo. Fundi Glenn Snoddy alilichunguza jambo hilo, na pamoja na mwenzake Revis Hobbs akabuni kifaa cha kulitoa kwa makusudi. Kifaa hicho, Maestro FZ-1, kilianza kuuzwa na kampuni ya Gibson mwaka 1962. Katika miaka hiyo hiyo Gibson ilitengeneza pia gitaa la besi, EB-0F, lenye fazi ndani ya mwili wake. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliipa fazi umaarufu wa dunia nzima kwa gitaa la kawaida, na mwaka huo huo Paul McCartney wa Beatles aliitumia kwenye besi katika wimbo "Think for Yourself". Kwa hiyo wanaosema kwamba mkwaruzo si wa besi, wanasema kinyume cha historia.

Hata hivyo si kila fazi inaifaa besi, na hapa ndipo penye mtego. Pedali nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida. Ndani yake mna kapasita zinazoruhusu sauti za juu zipite na kuzizuia zile za chini, kwa kuwa gitaa la kawaida halizihitaji sana sauti hizo. Ukiiunganisha pedali ya namna hiyo na besi, mkwaruzo utasikika lakini uzito utakuwa umekwenda zake. Chumbani, ukiwa peke yako, huenda usiutambue upungufu huo. Ngoma na magitaa mengine yakianza, besi hutoweka kama chumvi majini, likabaki lile buzi la juu linalogombana na gitaa la solo.

Walimu wenzetu, jambo hili tunalijua tangu zamani kwa njia nyingine. Tunapofundisha fonetiki twawaambia wanafunzi waweke vidole kooni, watamke "sana", kisha watamke "zana". Katika /s/ kuna mkwaruzo wa hewa tu, koo limetulia. Katika /z/ mkwaruzo ni ule ule, mahali pa matamshi ni pale pale, lakini nyuzi za sauti zinatetema chini yake. Ya kwanza si ghuna, ya pili ni ghuna. Fazi inayoinyang'anya besi uzito wake huigeuza kuwa /s/: inafoka, haina koo. Fazi inayoufaa muziki ni ile inayotoa /z/, yaani mkwaruzo juu na mtetemo mzima chini, vyote viwili kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyeieleza tofauti hiyo darasani kwa miaka kumi amekwisha kuifundisha kanuni kuu ya kuchagua fazi ya besi, ila hajaambiwa.

Hebu tutazame hasara inayotokea pasipo na maelezo kama hayo. Kikundi cha muziki cha wanafunzi tunaowafundisha hapa Kigali kilichanga fedha kwa muda mrefu ili kinunue pedali ya besi. Wakaenda kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Mpiga besi, kijana msikivu na hodari wa insha, alishindwa kueleza anachokitaka, kwa sababu hakuna aliyempa maneno. Muuzaji akamwagia maneno matatu manne ya Kiingereza ambayo hata yeye mwenyewe hakuyafafanua, akamwonyesha jina la kiwanda lililoandikwa juu ya kisanduku, akakijaribu kwa gitaa la kawaida, sauti ikapanda juu kabisa, watoto wakashangilia, fedha zikatoka. Siku ya sherehe ya shule besi haikusikika. Mwenye duka alipoendewa, alijibu kwamba pedali haina kasoro. Kwa kweli haikuwa na kasoro. Ilikuwa ni kifaa cha kazi nyingine. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mnunuzi asiye na maneno hana kinga mbele ya kinachotembezwa.

Basi maneno hayo ni yapi? Tunasema yako, tena mengi. Waingereza huiita sauti hii kwa neno lenye maana ya joto kidogo. Tukitafsiri neno kwa neno na kusema "sauti ya joto", msikilizaji atadhani amplifaya inaungua. Mswahili ana njia yake: husema sauti nene, sauti nzito, sauti tamu, sauti iliyoshiba. Kinyume chake ni sauti nyembamba, kavu, kali, yenye njaa. Mkwaruzo nao una namna zake: uko unaonguruma, unaovuma kama nyuki, unaofoka, unaopasua, unaokatikakatika. Noti inayodumu hunata, isiyodumu hukatika. Wanamuziki wa dansi wa Tanzania waliliita gitaa la besi "gitaa zito", wala hawakungoja ruhusa ya kamusi. Mwenye maneno hayo kumi na tano anaweza kuingia dukani akasema: "Nataka mkwaruzo unaonguruma, usiofoka, noti inate, na uzito wa chini ubaki." Muuzaji hatamdanganya kwa urahisi.

Akisha kusema hivyo, achague kwa mambo yafuatayo, ambayo twayataja kwa utaratibu ili mwalimu ayasome darasani.

Kwanza, aulize kama pedali ina njia ya kuchanganya sauti safi na sauti yenye mkwaruzo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Pedali yenye kifundo cha kuchanganya humwezesha mpigaji kubakiza besi yake nzima chini na kuuongeza mkwaruzo juu kwa kiasi apendacho, kama mpishi anavyoongeza pilipili bila kuuondoa mchuzi. Big Muff, pedali mashuhuri ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1960, ina mkwaruzo mnene unaonata vizuri. Lakini mpangilio wake wa sauti hupunguza sauti za kati, na sauti za kati ndizo zinazoifanya besi isikike katikati ya bendi. Zile zilizotengenezwa Urusi katika miaka ya 1990 zilipendwa na wapiga besi kwa uzito wake, na baadaye kampuni hiyo ilitoa Big Muff maalumu ya besi yenye njia ya sauti safi. Hatumpigii mtu debe. Twaonyesha kwamba hata watengenezaji wenyewe walikiri kwamba besi ina mahitaji yake.

Pili, ajaribu kwa besi, tena kwa uzi mnene kuliko yote, wala asikubali kuonyeshwa kwa gitaa la kawaida. Apige uzi huo wazi, aache noti ife yenyewe, asikilize inavyokufa. Ikikatikakatika kama redio iliyoishiwa betri, ajue kwamba nyimbo za noti ndefu zitamshinda.

Tatu, alinganishe sauti kwa kiwango kimoja. Sikio la binadamu hudhani kwamba chenye kelele zaidi ndicho kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua jambo hilo. Kabla ya kuamua, apunguze kifundo cha sauti cha pedali mpaka besi yenye fazi na besi isiyo na fazi ziwe na nguvu sawa. Hapo ndipo ukweli utakapojitenga na vishindo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nne, asikilize pamoja na ngoma na gitaa jingine. Sauti iliyo tamu peke yake mara nyingi huwa bubu katika kundi, na iliyo kali kidogo peke yake huwa tamu katika kundi. Kama dukani hakuna ngoma, rafiki apige meza.

Tano, aulize transista zake ni za aina gani na umeme wake ukoje. Fazi za kwanza zilitumia transista za jerimaniamu, na nyingi za baadaye zinatumia silikoni. Jerimaniamu husifiwa kwa ulaini wa mkwaruzo wake, lakini hubadilika tabia joto linapobadilika. Iliyopangwa vizuri asubuhi yaweza kuharibika sauti mchana kwenye jukwaa la juani, hata katika Kigali yetu iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Silikoni ni kali zaidi lakini haiyumbi. Tena pedali nyingi hutumia volti 9, ila baadhi ya zile za jerimaniamu zina chanya na hasi zilizopinduliwa, kinyume cha nyingine. Kuunganisha bila kuuliza ni kuhatarisha kifaa.

Hayo matano hayahitaji digrii ya uhandisi. Yanahitaji sikio tulivu na lugha inayoeleweka. Sasa tuwajibu wapinzani wetu.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba mkwaruzo ni kelele ya kigeni inayoharibu masikio ya Kiafrika. Twawaomba waingie katika historia ya ala zetu wenyewe. Wagogo wa Dodoma huliziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili sauti ivume na kukwaruza. Endongo ya Waganda ilitengenezwa ili nyuzi zitetemeke zikigusa ngozi ya kenge, sauti ikawa na buzi lake. Likembe ya Kongo, ambayo ni ndugu wa ikembe ya hapa Rwanda, huvishwa vijipete vya chuma kwa sababu hiyo hiyo. Tena huko Kinshasa kundi la Konono Nº1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, liliunganisha likembe na umeme kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na miongoni mwa likembe hizo imo ya besi. Mkwaruzo wake mnene ulisikika duniani kwa albamu Congotronics ya mwaka 2004. Watu hawa hawakuiga fazi ya dukani. Walikuwa na kiu ya sauti yenye mkwaruzo kabla kisanduku hakijabuniwa. Ikiwa kuna kitu cha kigeni hapa, ni ile fikra kwamba sauti nzuri lazima iwe safi kama maji ya chupa.

Wa pili ni wapenzi wa dansi na rumba, nao tunawaheshimu kwa sababu hoja yao ina uzito. Wanasema besi ya muziki wetu hupendeza kwa usafi wake. Wanatutajia Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, na besi ya Tom Malanga inayotembea bila papara ndani ya "Sina Makosa". Wanatutajia Orchestre Impala iliyotamba hapa Kigali katika miaka ya 1970 na 1980. Twakubali. Wimbo wa namna hiyo ukiwekewa fazi tangu mwanzo hadi mwisho utakuwa umedhulumiwa. Lakini kisanduku kina swichi, na swichi huzimwa. Isitoshe, kanuni tunayoitetea ndiyo ile ile inayowafurahisha wao: besi ibaki besi. Sisi ni wapinzani wa mkwaruzo unaoimeza besi kama wao walivyo wapinzani wake. Ngoma ikivuma sana hupasuka, nasi hatutaki ipasuke.

Tena wenye hoja hiyo wanapaswa kuufikiria wajibu wao. Maneno ya ufundi huu yalikuwa yakipita kutoka kwa mpigaji mzee kwenda kwa mpigaji kijana, jukwaani na mazoezini. Hapa Rwanda mnyororo huo ulikatwa kwa ukatili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 waliuawa wasanii wengi, akiwamo mwimbaji André Sebanani wa Impala. Kijana anayeshika besi leo mara nyingi hana mzee wa kumwambia "noti yako imekonda" au "punguza, inafoka". Muziki wa jukwaani umefufuka, shule ya muziki ilifunguliwa Nyundo mwaka 2014, vijana wanapiga vizuri. Lakini yale mazungumzo ya ufundi yanahitaji kujengwa upya. Wanayemkosa dukani na jukwaani, wangeweza kumpata darasani, kama mwalimu wa lugha angekubali.

Wa tatu, na hao ndio tunaowalenga hasa, ni walimu wenzetu wasemao kwamba muhtasari wa masomo hauna nafasi ya pedali. Hao twawauliza: Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 kwa kazi gani? Ikiwa kitabaki cha kupamba mabango ya tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huku fundi, mwanamuziki na mnunuzi wakikiacha mlangoni mwa karakana, basi tumekipa cheo bila ajira. Pale Nyamirambo na Biryogo, Kiswahili kilistawi kwa biashara na gereji, si kwa sheria. Lugha huishi palipo na kazi. Mwanafunzi akiandika insha juu ya "umuhimu wa Kiswahili" kwa mara ya sita hajifunzi chochote kipya. Mwanafunzi huyo huyo akitakiwa kueleza kwa maneno mia tatu tofauti ya sauti mbili alizozisikia, atahitaji vivumishi, tashbihi, viunganishi vya kulinganisha na msamiati wa sayansi, tena atataka kuvijua.

Tusije tukaambiwa kwamba istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka huo huo kamusi sanifu ya isimu na lugha. Waliozitayarisha hawakuogopa wimbi wala mtetemo, na sisi warithi wao hatuna sababu ya kuogopa kifundo kimoja cha kuzungusha. Palipo na neno tulitumie. Pasipo nalo tueleze kwa maneno ya kawaida mpaka neno litakapokomaa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo linaloweza kufanywa muhula huu. Kila mwalimu aliye na wanafunzi wanaopiga muziki awaombe walete besi, amplifaya na pedali yoyote, hata ya kuazima. Darasa lisikilize sauti safi, kisha sauti yenye mkwaruzo usio na uzito, kisha sauti iliyochanganywa. Wanafunzi waandike kila neno linalowajia, la Kiswahili wanachokijua, wakisaidiwa na Kinyarwanda chao panapokwama. Mwalimu awakumbushe "sana" na "zana", vidole kooni. Maneno yatakayokubaliwa na darasa yaletwe katika chama chetu, yajadiliwe, yachujwe, yachapwe katika kurasa hizi.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na pedali iko sakafuni. Walimu wa Kiswahili wa Kigali na wainame, wakisome kisanduku hicho, ili kijana wao mwingine asitoe fedha zake kununua mkwaruzo usio na koo.